Hoteli inataka picha 48 za nyeusi na nyeupe: nikope ninunue printa, au nipeleke Dar?

BARUA

Assalaam aleikum Mshauri,

Nina studio ndogo ya picha hapa Unguja mjini. Kazi zangu za kila siku ni picha za paspoti, kulamineti vyeti na albamu za harusi. Printa yangu ni Epson L1800 ya chupa sita za wino, huu ni mwaka wake wa nne, na ndiyo inayolipa kodi ya duka.

Miezi miwili iliyopita meneja wa hoteli moja ya Mji Mkongwe aliona picha zangu za milango, madau na wachuuzi wa Darajani nilizozigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Hoteli ina vyumba 24 na anataka picha mbili kila chumba, ukubwa wa A3, kwenye karatasi ya pamba. Atalipa shilingi 80,000 kwa picha, fremu watatengeneza wenyewe. Anazitaka kabla msimu wa Juni haujaanza.

Nilimpelekea sampuli tatu kutoka kwenye L1800. Akaziweka chini ya taa za chumbani zikawa na ukijani. Akazisogeza dirishani zikaelekea zambarau. Alinitazama tu, hakusema kitu, na mimi niliona haya. Isitoshe, picha moja niliyomchapia kaka yangu, imetundikwa karibu na dirisha la sebule yake, baada ya miezi minane imepauka na weusi wake umekuwa hudhurungi.

Nimeulizia. Muuzaji mmoja wa Dar ana Epson SC-P900 kwa 4,600,000. Katriji moja ya mililita 50 ni 150,000, na zinaingia kumi. Karatasi ya pamba ya A3, pakiti ya shuka 25, ni 325,000. Pia ipo maabara Dar itakayonichapia kila picha kwa 45,000, karatasi ikiwa ndani ya bei hiyo, na kunitumia kwa boti.

Kikoba chetu kinaweza kunikopesha mashine nzima kwa riba ya asilimia 10, nilipe kwa miezi 12. Lakini nahitaji mdhamini, na aliyejitolea ni kaka yangu. Ataweka pikipiki yake, na pikipiki hiyo ndiyo inayomlisha yeye na watoto wake. Amekubali ingawa haamini. Yeye anasema nichukue Epson L8180, ya chupa, 2,300,000, chupa ya mililita 70 kwa 45,000, "kwa sababu mgeni wa hoteli hajui tofauti." Vinginevyo, anasema, ninunue wino wa kijivu unaouzwa kwenye chupa zisizo na nembo, niumimine kwenye L1800 niliyonayo, basi.

Ukiacha hoteli, picha za namna hii nauza tano au sita kwa mwezi, kwa maharusi na watalii wanaopita. Natumaini zitafika 12. Kwa kawaida nikichapa sita, moja naitupa.

Kikoba kinakutana Jumapili ya wiki ijayo. Nikikopa na kazi isiendelee, namwangusha kaka. Nikipeleka Dar, naona kama nauza kazi ya mwenzangu kwa jina langu. Nikitumia mashine ya bei nafuu, naogopa ile haya itarudi. Nifanyeje?

Msomaji wa Unguja (jina tumelihifadhi)

JIBU

Waalaykumu ssalaam, dada yangu,

Barua yako ina hesabu nzuri kuliko barua nyingi za biashara tunazopokea, na hilo linarahisisha mazungumzo. Unauliza nini cha kununua. Lakini ndani yake naona maswali matatu yamefungwa fundo moja: kwa nini sampuli zako ziliharibika, fedha zitazungukaje, na je, una haki ya kumwingiza kaka yako kwenye jambo asiloliamini. Tuyafungue moja moja, maana jibu la swali la kwanza halijibu la pili.

Ukijani ule si uzembe wako. L1800 ina nyeusi moja tu. Chupa nyingine tano ni sian, magenta, njano, sian nyepesi na magenta nyepesi. Kila kijivu unachokiona kimepikwa kwa kuchanganya rangi hizo, na mchanganyiko ukipishana kidogo tu, jicho linaukamata mara moja, kwa sababu kwenye picha isiyo na rangi hakuna pa kujificha. Tena kila rangi hupokea mwanga kwa namna yake. Taa ya hoteli na mwanga wa dirishani havina mchanganyiko mmoja, ndiyo maana picha moja ikawa na sura mbili. Kupauka nako kuna sababu yake. Wino wa L1800 ni wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka kabisa majini kama chai. Mwanga na hewa huufikia kirahisi. Wino wa pigmenti ni chembe zinazoelea majini, na weusi wake ni kaboni, ndugu wa masizi ya jikoni. Huo hukaa miaka mingi zaidi.

SC-P900 inajibu hilo sawasawa. Ni ya pigmenti, ina nyeusi na vijivu viwili, na ina hali maalumu ya uchapaji wa nyeusi na nyeupe inayotumia zaidi wino huo wa kijivu, rangi zikiongezwa kidogo sana kurekebisha mwelekeo wa rangi ya picha. Epson walianza njia hii ya weusi watatu mwaka 2005, na waliobobea kwenye picha hizi wengi walihamia huko. Pia nyeusi ya karatasi inayong'aa na nyeusi ya karatasi isiyong'aa zina matundu yake ya kutolea wino kila moja, kwa hiyo hupotezi wino kubadilisha, kama ilivyokuwa kwenye printa ya kabla yake, P800, na waliotangulia. Kwa hiyo jicho lako halikukosea.

Sasa fedha. Watu wengi huanza na bei ya wino, wakashtuka, wakaishia hapo. Tuanze nayo, lakini tusiishie. Katriji ya 150,000 yenye mililita 50 ni shilingi 3,000 kwa mililita. Picha ya A3 iliyojaa hula takriban mililita 2, hivyo wino ni 6,000. Karatasi ni 13,000. Unaona? Karatasi inauma zaidi ya mara mbili ya wino. Ongeza ile moja unayoitupa katika kila sita: ni 3,800 kwa kila picha nzuri. Jumla 22,800. Ukilinganisha na 45,000 za maabara, unabakiwa na 22,200 kwa kila picha, na hapo ndipo muuzaji wa mashine anapokushika mkono.

Lakini mashine haikai bure. Ukiigawa 4,600,000 kwa miaka minne, ni karibu 96,000 kila mwezi, uchape usichape. Halafu kuna wino unaokwenda kwenye kusafisha kichwa cha printa, chenye matundu hayo. Printa za pigmenti zikilala, chembe hutuama na matundu huziba. Ukiwasha, inajisafisha, na wino huo unaishia kwenye boksi la taka ambalo nalo hununuliwa likijaa. Weka mililita 20 kwa mwezi kwa mashine isiyo na kazi nyingi: 60,000. Kwa hiyo mwezi unaanza ukiwa na deni la 156,000 kabla hujaingiza karatasi.

Gawa sasa. Kwa picha 6 kwa mwezi, kila moja inabeba 26,000 za mashine, jumla inafika 48,800. Ni ghali kuliko Dar. Kwa picha 12, inashuka hadi 35,800. Kwa 20, ni 30,600. Mstari unapita kwenye picha ya saba. Chini ya hapo, unailipa mashine ikae mezani. Na hapo bado hatujahesabu saa zako, wala katriji zinazokuja na mashine, ambazo sehemu ya wino wake huingia kujaza mirija mara ya kwanza usiuone tena.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kitu gani hasa kinachoamua bei ya picha yako, sitakujibu wino. Nitakujibu mwendo: zinatoka ngapi kila wiki, na zinatoka bila kukatika? Picha 48 kwa mpigo mmoja, kisha kimya cha miezi mitatu, ni mbaya kwa mashine hii kuliko picha nne kila wiki mwaka mzima.

Kisha kuna kitu ambacho daftari la faida haliwezi kukuonyesha, nacho ni marejesho. Kikoba hakigawi kwa miaka minne. Ukikopa 4,600,000 kwa asilimia 10, utarejesha 5,060,000, karibu 422,000 kila mwezi. Jumlisha 60,000 za kusafisha: 482,000. Ukiokoa 22,200 kwa picha, unahitaji picha 22 kila mwezi ili akiba hiyo peke yake ilipe kikoba. Wewe unauza sita na unatumaini 12. Oda yote ya hoteli, picha 48, inaokoa 1,065,600, nayo haitoshi marejesho ya miezi mitatu. Miezi tisa inayobaki italipwa na nini? Huenda ikalipwa na paspoti. Inawezekana, lakini iandike hivyo waziwazi, kwamba L1800 ndiyo itakayomlipia P900 mwaka wake wa kwanza. Na hapo ndipo pikipiki ya kaka inaposimama.

Nikuulize kitu kwa upole. Umeandika kwamba kupeleka Dar ni "kuuza kazi ya mwenzangu kwa jina langu". Ni kweli hivyo? Macho yaliyouona mlango ule ni yako, na uamuzi wa kivuli kiwe kizito wapi ni wako. Wapiga picha wengi wakubwa hawakuwahi kuchapa wenyewe. Ukitumia maabara, unabakiwa na 35,000 kwa picha kabla ya nauli ya boti, yaani 1,680,000 kwa oda nzima, bila mkopo na bila mdhamini. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya P900, taslimu.

Njia hiyo nayo ina miiba yake. Maabara itachapa kwa mashine yake na karatasi yake. Uliza ni wino wa pigmenti au wa dai, ni karatasi gani, na wakupe faili la maelezo ya rangi la karatasi hiyo ili uone kwenye kompyuta yako weusi utakavyoshuka. Chapisha kwanza picha mbili tu, moja yenye vivuli vingi na moja yenye anga jeupe. Kosa likitokea, kulirudisha ni siku kadhaa, na Juni haisubiri. Na siku wakipandisha bei, faida yako inaliwa na mtu mwingine.

Tuje kwa kaka. Nadhani umemsikia kama mtu asiyejali ubora. Msome tena. L8180 si mashine ya mzaha. Ina chupa sita, mojawapo ni kijivu, na nyeusi mbili, kwa hiyo ule ukijani utapungua sana ukilinganisha na L1800. Kwa bei zako, mililita ni kama 640, wino wa A3 ni kama 1,300, na ukihesabu karatasi na moja ya kutupa unafika kama 17,100. Unaokoa kama 27,900 kwa picha dhidi ya maabara. Mkopo wa 2,300,000 unarejeshwa kwa kama 211,000 kwa mwezi. Ukiweka na kusafisha kidogo, picha 8 kwa mwezi zinalipa. Nane ni karibu na sita zako. 22 ziko mbali.

Mashine za chupa zina asili inayomhusu mtu kama kaka yako. Kwa miaka mingi biashara ya printa ilikuwa kuuza mashine kwa bei ndogo na kurudisha faida kwenye katriji. Wafanyabiashara wadogo wa Asia wakachoka, wakaanza kufunga matangi yao ya nje. Epson waliitikia kwa kutoa printa zao za kwanza za matangi nchini Indonesia mwaka 2010. Zilitengenezwa kwa ajili ya duka la mtaani linalohesabu kila shilingi.

Lakini kaka naye kuna mahali anateleza. Wino wa picha wa L8180 ni wa dai. Weusi wake wa pigmenti ni ule wa karatasi isiyong'aa tu, vijivu vyote vinabaki vya dai. Nyuma ya kioo, mbali na jua, picha hiyo itaishi vizuri. Kwenye ukuta unaotazama bahari na dirisha wazi, tayari umeona sebuleni kwake. Na mgeni wa Mji Mkongwe anajua tofauti kuliko anavyodhani. Mji huu una Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha za zamani zilizochapwa kwa madini ya fedha bado zinatazamwa. Hicho ndicho kipimo kilicho kichwani mwa meneja wako, hata kama hawezi kukitaja.

Wino wa kijivu wa chupa zisizo na nembo, hapo nasimama upande wako. Hujui ni dai au pigmenti, hujui uzito wa kila kijivu, na printa itaendelea kudhani ndani yake mna magenta. Ipo njia halisi ya jina hilo: wino wa kaboni wa ngazi kadhaa za kijivu, kama Piezography ya Jon Cone wa Vermont, Marekani, unaojazwa mahali pa rangi zote, na programu kama QuadToneRIP inayoamuru kila tundu peke yake. Matokeo yake ni mazuri mno. Lakini programu ina orodha ya modeli inazozikubali, matangi lazima yasafishwe hadi maji yatoke meupe, na mashine hiyo haitachapa paspoti tena. L1800 inakulipia kodi. Kuigeuza ni kuziba mlango wa mbele ili ufungue dirisha.

Mashine iliyokwisha kutumika nayo waweza kuifikiria. Usinunue kwa kuambiwa. Chapa ukurasa wa kupima matundu, iache usiku kucha, chapa tena asubuhi. Mistari ikikatika mahali palepale, kichwa kimeziba, na kichwa kipya kinaweza kugharimu karibu bei ya mashine yenyewe.

Lolote utakaloamua, kuna mambo ya pwani hayana budi. Zima printa kwa kitufe chake, usubiri kichwa kirudi kwenye kifuniko chake, ndipo uzime ukutani. Ukizima ukutani kwanza, au umeme ukikatika katikati ya picha, kichwa kinabaki wazi na kukauka. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inatosha kukipa muda wa kurudi nyumbani. Mara moja kwa wiki chapa ukurasa mdogo wenye wino wote. Tundu likikosekana, safisha mara moja, pima, safisha mara ya pili, kisha iache ipumzike kwa muda wa saa sita hadi 12. Kusafisha mara tano mfululizo kunamaliza wino na kunaweza kuvuta hewa. Karatasi ya pamba hunywa unyevu: iweke kwenye mfuko wake pamoja na vijipakiti vya kukausha, toa shuka unayochapa tu. Ikipinda pembeni, kichwa kitaikwangua, na hilo ndilo mara nyingi linaloharibu ile moja katika sita. Ukipunguza uharibifu kutoka moja katika sita hadi moja katika 12, umejipatia kama 2,100 kwa kila picha bila kukopa. Chagua pia aina ya karatasi sahihi kwenye printa. Ukichagua ya kung'aa kwa karatasi isiyong'aa, itachukua nyeusi isiyo yake na vivuli vitakuwa kama vumbi. Na kabla ya fremu, acha picha ikauke saa 24, la sivyo kioo huota ukungu kwa ndani.

Kuhusu hoteli, nadhani hujawauliza maswali yanayoweza kubadilisha hesabu yote. Je, wanaweza kupokea picha 12 kwanza, za vyumba sita, halafu zilizobaki kwa awamu? Wanatoa nusu ya malipo mbele? Nani anabeba gharama fremu ikiingia maji? Wanabadilisha picha kila baada ya muda gani, na kuna hoteli ndugu? Oda ya mara moja na oda inayorudi kila msimu ni biashara mbili tofauti. Na waambie wazi wino watakaopata. Kama ni wa dai, sema ni wa dai na usipendekeze ukuta wa jua. Mteja aliyeambiwa hawezi kukuletea ile haya.

Upo pia uwezekano wa kuitafutia mashine kazi ya wengine. Mwanamuziki Graham Nash alitaka kuchapa picha zake mwenyewe za nyeusi na nyeupe, akanunua printa ya Iris 3047 kwa dola 126,000. Mashine ya bei hiyo haiwezi kulishwa na mtu mmoja. Mwaka 1991 ikawa msingi wa Nash Editions, Manhattan Beach, California, karakana ya kuchapia wasanii wengine. Kwa kipimo chako, ni kuwauliza wapiga picha wa harusi na wachoraji wa Unguja wangapi wangeleta kazi kwako badala ya kuivusha Dar. Waulize kabla ya kukopa, na uhesabu walioleta faili na kishika uchumba tu, usiwahesabu waliosema "tutakuja".

Na kaka. Amekubali kuweka chombo cha riziki yake kwa jambo asiloliamini. Huo ni upendo mkubwa, na ndiyo maana unakosa usingizi. Sina la kukuamulia hapo. Ninyi wawili ndio mnaojua nyumba yenu. Nadhani tu hajawahi kuonyeshwa hesabu, ameonyeshwa hamu. Mkalie chini kabla ya Jumapili na namba hizi: 7, 8 na 22. Saba ni picha za mwezi ambazo P900 inalingana na bei ya Dar, nane ni zinazolipa mkopo wa L8180, 22 ni zinazolipa mkopo wa P900. Muulize anaona ngapi zinawezekana. Muulize pia, mwezi wa nne hujafikisha, mtafanya nini: utauza mashine, utaongeza muda kwa kikoba, au paspoti zitafidia? Huenda akasema bado yuko nawe. Huenda akasema tuanze na Dar, tununue mwakani. Huenda wewe mwenyewe ukaona mkopo wa nusu, ukiongezea faida ya hoteli, unapumua vizuri zaidi.

Mpelekee na kitu cha kuona. Tengeneza ukanda wa ngazi 21, kutoka nyeupe hadi nyeusi, kila ngazi asilimia 5. Uchape kwenye L1800, omba muuzaji akuchapie kwenye P900, na umtafute mwenye L8180. Tazameni pamoja kama asilimia 95 na 100 zinatofautiana, na kama ngazi za kati zinabaki kijivu ukizitoa chini ya taa kwenda uani. Kisha funika nusu ya kila ukanda kwa karatasi ya alumini na uibandike kwenye dirisha lile lile la sebule yake, lililoipausha picha ya kwanza. Majibu ya dirisha yatachukua miezi, lakini picha 12 za kwanza za hoteli, zikichapwa Dar, zinaweza kuwanunulia ninyi wawili miezi hiyo.